Maji Hudai Njia Yake

Katika nchi ya kwetu, kuanzia milima ya Mbulu hadi chini ya Mlima Hanang, mvua haina sifa mbaya. Wazee wanapobariki kikao au harusi, mvua ni miongoni mwa mambo ya kwanza wanayoyaomba, kabla ya fedha na hata kabla ya safari njema. Mgeni akifika na mvua huambiwa kwamba amekuja na heri. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kuelewa namna kaya ya mkulima au mfugaji wa huku inavyoitazama hatari ya mafuriko, yakupasa uanzie hapo: kwamba tunaambiwa tukiogope kitu ambacho tumekuwa tukikiomba siku zote.

Nayaandika haya kwa sababu ya swali moja lililorudiwa mno tangu mwezi wa Disemba 2023. Nimelisikia ndani ya basi, nimelisikia msibani, nimelisikia kwa watu wenye elimu kubwa na kwa wale wasiokuwa nayo. Swali lenyewe ni hili: "Kwa nini walijenga pale?" Huulizwa kana kwamba jibu lake linajulikana, nalo ni ujinga. Mimi nimezaliwa upande wa Mbulu, nimefundisha shule za msingi upande wa Hanang kwa miaka mingi, na ninao ndugu wanaolima chini ya mlima ule hadi leo. Naona jibu si ujinga hata kidogo. Ni hesabu, na hesabu hiyo inastahili kusomwa yote kabla mtu hajaisahihisha kwa wino mwekundu.

Kwanza tukumbuke lililotokea. Jumapili ya tarehe 3 Disemba 2023, asubuhi na mapema, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakashuka kwa kufuata makorongo hadi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Watu 89 walipoteza maisha. Takwimu za serikali za siku zile zilitaja kaya 1,150 zenye watu 5,600 kuwa ziliathirika, pamoja na ekari 750 za mashamba. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi. Akaikatisha safari hiyo na kufika Katesh kuwapa pole wafiwa. Wataalamu walieleza kwamba hapakuwa na tetemeko la ardhi wala mlipuko wa volkano. Ilikuwa ni sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu, iliyonyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia.

Sasa tuirudie hesabu ya kaya.

Mlima Hanang ni volkano iliyozimika, yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, nao umesimama peke yake juu ya nchi tambarare. Kaskazini yake kuna Ziwa Balangida lenye maji ya chumvi. Kusini yake uko mji wa Katesh. Pande zote mbali na mlima, nchi ni kavu na mvua zake ni za kubahatisha. Lakini mlima hukamata mawingu, msitu wake hutunza maji, na vijito vyake huyaleta chini. Udongo unaoshuka nao ni udongo mweusi wenye rutuba, ambao mahindi, maharage na mbaazi huota ndani yake bila kubembelezwa. Mtu anayetafuta mahali pa kulisha watoto wake atakwenda wapi kama si hapo? Korongo lile lile linaloweza kumwua ndilo lililomletea shamba. Kila ekari nzuri iliyoko chini ya mlima ililetwa na maji ya zamani.

Tena kaya haipimi hatari moja peke yake. Huipima kando ya nyingine. Ukame wa mwaka 2008 na 2009 uliangamiza mifugo mingi katika nchi za kaskazini. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 ukarudia kazi hiyo, hasa kule Simanjiro ndani ya mkoa wetu huu wa Manyara. Mtu mzima wa huku amekwisha kuona njaa mara kadhaa. Maporomoko makubwa ya tope huenda hajayaona hata mara moja. Ukimwambia achague kati ya kukaa juu kwenye mawe, ambako atakosa chakula karibu kila mwaka wa mvua haba, na kukaa chini, ambako huenda gharika ikaja au isije katika maisha yake yote, atachagua chini. Wewe na mimi tungechagua vivyo hivyo. Wanaouliza "kwa nini walijenga pale" wamesahau kuuliza njaa ilikuwa inasimama wapi.

Hata hivyo, sitaki kusema kwamba hesabu hiyo haina kasoro. Inayo, na kasoro hiyo ni ya kumbukumbu. Mafuriko makubwa huja kwa kupishana miaka mingi, na katikati yake watu huzeeka, hufa, huhama. Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1961, mwaka ule nchi ilipopata uhuru, walisimulia mvua za mwisho wa mwaka huo zilizofurisha mito na kupandisha maziwa. Waliofuata wakasimulia mvua za El Nino za 1997 na 1998. Kila kizazi kina gharika yake, na kila kizazi huamini kwamba maji hayawezi kupita alama ile aliyoiona baba. Kumbe maji hayajui alama ya baba.

Huku kwetu yako mambo mawili yaliyoikata kumbukumbu hiyo. La kwanza ni kuhama. Wairaqw asili yao ya kukumbukwa ni milima ya upande wa Kainam, na kutoka hapo wametawanyika karne yote ya ishirini: kwenda Karatu, Dongobesh, Haydom, na kusini hadi Hanang, kwenye nchi ambayo Wabarbaig walikuwa wakichunga. Kule Kainam walikuwa wameyasoma maji kama mtu anavyosoma uso wa mkewe. Nyumba ilichimbwa ubavuni mwa mlima, nusu ndani ya ardhi. Shamba likawekewa matuta. Maji ya bondeni yakachimbiwa mifereji. Lakini mtu akihama hubeba jembe na mbegu, hawezi kubeba kumbukumbu ya korongo asilolijua. Wabarbaig, kwa upande wao, walikuwa na kinga nyingine: walihama na ng'ombe zao, wakaufuata mlima na kuuacha kwa majira. Boma la miti na miiba likiharibika, linajengwa kwingine. Ardhi ilipopungua na miguu ikafungwa, kinga hiyo nayo ikapungua.

La pili ni vijiji. Katikati ya miaka ya 1970 kaya zilizokuwa zimetawanyika ziliambiwa zikusanyike pamoja, ili zipate shule, zahanati na bomba la maji. Nilikuwa kijana, na siwezi kusema kwamba hatukupata kitu. Bila shule zile nisingekuwa mwalimu. Lakini kiwanja kilipimwa kwa kamba, na kamba ilifuata barabara. Barabara hupenda nchi tambarare, na nchi tambarare chini ya mlima ndipo maji yanapokuja kupumzika. Mzee aliyekuwa na nyumba kwenye kilima, kwa sababu babu yake aliiweka hapo, alijikuta ana namba ya kiwanja karibu na korongo. Baada ya miaka ishirini watoto wake wakaona hapo ndipo nyumbani. Baada ya arobaini wajukuu wakauza vipande kwa wageni waliofuata soko, na mgeni hakuambiwa kitu, kwa sababu aliyemuuzia naye hakuambiwa.

Liko jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoua zaidi, nalo ni kwamba tope si maji. Mafuriko yaliyozoeleka kwetu ni ya mbugani. Maji hupanda polepole; mtu huyapima kwa kifundo cha mguu, kisha kwa goti; anatoa magunia, anafungulia ndama, anahamishia watoto kwa jirani. Zile nyumba za tembe zenye paa la udongo huanza kuvuja kwanza, na ukuta hulainika kabla ya kuanguka. Yaani maji yale hubisha hodi. Kaya nyingi zimejifunza kuishi nayo: kuchimba mtaro nyuma ya nyumba, kuinua msingi kwa mawe, kuning'iniza mbegu darini, kupanda matete ukingoni mwa korongo, kutenga ng'ombe wawili watatu wakae kwa rafiki wa kijiji cha mbali ili msiba mmoja usimalize zizi zima. Hizi ni akili za kweli, na zimeokoa mengi.

Bali tope la mlimani halibishi hodi. Ni zito kuliko maji, linabeba jiwe lenye ukubwa wa gari kama mtoto anavyobeba mpira, na halikupi nafasi ya kupima goti. Mtu aliyefundishwa na maji ya mbugani husema, "Tungoje kupambazuke tuone." Kwa maji ya mbugani hilo ni jibu la busara. Kwa tope la mlimani ni hukumu. Dalili zake ni tofauti pia, na zinafaa kujulikana na kila kaya inayolala chini ya mteremko: kijito kinachobadilika ghafla kuwa rangi ya udongo mzito, kijito kinachopungua au kunyamaza wakati mvua bado inanyesha, kwa maana kimezibwa huko juu na kinajikusanya, ngurumo isiyokoma kama ya malori mengi, mlio wa miti inayovunjika, nyufa mpya ardhini upande wa juu wa nyumba. Ukiona au kusikia mojawapo, huchukui godoro. Unachukua watu, na unakimbilia pembeni, kwenye mwinuko, mbali na korongo. Hukimbii kuteremka nalo.

Naomba sasa nieleze jambo la nyumbani kwetu, kwa kuwa ndilo lililonifanya niyafikirie haya kwa undani. Mdogo wangu analima upande mmoja wa mlima. Tope la 2023 liliifikia kona ya shamba lake na kuacha mawe, lakini nyumba na watu walisalimika. Mwaka uliofuata kijana wake alitaka kuoa, na ikabidi apewe mahali pa kujenga. Mdogo wangu akachagua kipande cha chini, kando ya korongo, mita chache kutoka barabarani. Tukakaa kikao.

"Kaka," akaniambia, "pale ndipo penye udongo. Nikimpa mawe atakula nini? Na mlima umeshatapika, hautatapika tena leo wala kesho."

Wengi tukaona ana hoja. Kweli ni wachache walioona mlima ukimeguka mara mbili. Lakini mlima haukutuahidi kitu, na kovu lililoachwa juu lina udongo uliolegea ambao mvua kubwa inaweza kuuteremsha. Tulikuwa tunabishana hivyo, wanaume watupu, kila mmoja na ekari zake kichwani, ndipo shemeji, mke wa mdogo wangu, aliyekuwa akitutilia chai, akasema:

"Ninyi mnahesabu ekari. Mimi usiku wa mvua nahesabu watu. Bibi hatembei. Mtoto wa kwanza atakuja, na wa pili. Kutoka pale chini hadi kwenye mwinuko, na bibi mgongoni, gizani, nimekwenda nikarudi. Hatufiki."

Kikao kikanyamaza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametembea njia hiyo kwa kuipima. Nikatambua kwamba ndani ya kaya moja hatari haina sura moja. Mwanamume huiona kwenye shamba na zizi. Mwanamke, anayechota maji kila siku na kuijua rangi ya kijito kwa kila mwezi, anayelala na sikio moja wazi kwa ajili ya watoto, huiona katika hatua za miguu. Na mara nyingi huyo wa pili haulizwi.

Tuliamua kwamba kijana alime chini na alale juu. Hakuna jipya katika uamuzi huo. Ni mtindo ule ule wa babu zetu, nyumba kwenye mwinuko na shamba bondeni. Ugumu ulikuwa kwamba mwinuko haukuwa wetu. Ulikuwa wa jirani, naye hakuwa na sababu ya kuutoa bure. Ikawa mazungumzo ya wiki mbili, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na mwisho ukatolewa mtamba mmoja pamoja na haki ya kupitisha ng'ombe. Juu ya hayo, mkwe wetu hupanda na ndoo ya maji kila siku ambapo kule chini angeyapata mlangoni.

Mtamba mmoja, na jasho la kila siku. Hiyo ndiyo bei ya usalama kwetu, na nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu kila ninaposikia habari za kuwaelimisha wananchi sisikii bei ikitajwa. Elimu ni njema. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto; lakini mtu aliyekaa kando ya korongo lililokauka miezi minane haoni mto wa kupimia mita hizo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nayo ipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutangaza, miezi kadhaa kabla ya msiba wa Hanang, kwamba mvua za vuli za 2023 zingezidi wastani kwa sababu ya El Nino. Tangazo lilifika, redio zilisema. Lakini "mvua juu ya wastani" katika masikio ya mkulima aliyetoka kwenye ukame ni habari njema. Alinunua mbegu zaidi. Tangazo halikumwambia korongo gani, usiku gani, akimbilie wapi, na akifika huko atalala kwa nani.

Baada ya msiba serikali na wahisani, Chama cha Msalaba Mwekundu wakiwamo, walijenga nyumba zaidi ya 100 katika kijiji cha Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Ni jambo la kushukuriwa. Kaya iliyopewa nyumba imelipiwa ule mtamba. Lakini shamba haliwezi kuhamishwa kwa lori, na mtu atarudi lilipo shamba lake, kwanza mchana, kisha kwa kibanda cha kulindia mahindi, kisha kibanda kitapata jiko, na jiko litapata watoto. Si ukaidi. Jembe huvuta nyumba kama sumaku. Asiyetaka watu walale chini hana budi kufikiria njia ya kupanda juu, maji ya juu, na mahali pa kuhifadhi mavuno chini bila mtu kuyalinda usiku.

Nayo yale yanayoweza kufanywa na kijiji bila kungoja bajeti yafanywe. Kila kitongoji kichague mwinuko wake, na watu wautembee siku ya jua, wazee wakiwa mgongoni, ili wajue kama wanafika. Korongo liwe na walinzi wakati wa mvua kubwa, na baragumu, filimbi au kengele ya kanisa iwe na mlio mmoja unaojulikana maana yake. Anayeuza kiwanja amweleze anayenunua maji yalipita wapi, mbele ya mashahidi. Na mawe yale makubwa yaliyoachwa na tope yasivunjwe yote kuwa kokoto. Machache yaachwe yalipo, yaandikwe mwaka. Mjukuu wa mjukuu atakapopita na kamba yake ya kupimia, akutane na neno.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mimi ningeongeza kwamba huudai hata baada ya miaka mia, wala hayaangalii hati ya kiwanja. Basi tunapowakumbuka wale 89, tusiwakumbuke kwa swali linalowalaumu. Tuulize badala yake: kujenga mahali pengine kungewagharimu nini, na nani angewasaidia kulipa? Swali hilo linaweza kujibiwa. Kwetu lilijibiwa kwa mtamba mmoja, kwa sababu tulikuwa nao. Jirani yetu wa upande wa pili wa korongo hana mtamba, na mvua za mwaka huu anazisubiri kwa furaha, kama sisi sote.